Vijana wetu si wazito, mashine ndizo zinazochelewa

Kuna neno moja ambalo ukiingia katika chumba chochote cha michezo ya kompyuta hapa Gitega, au kule Muyinga, hutakosa kulisikia kabla ya robo saa kupita. Neno hilo ni "mtandao". Kijana amelenga, amebonyeza, risasi ya mchezoni imechelewa kutoka, adui amemuwahi na yeye ameanguka. Anavua spika za masikioni na kulalamika kwamba mtandao mbovu. Wenzake wanacheka na kumwambia asisingizie mtandao, yeye ndiye mzito. Ubishi unaishia hapo, kila mmoja akibaki na imani yake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu hapa Gitega, na ukoo wangu uko Muyinga, kwa hiyo likizo ikifika nashika barabara ya Karuzi kwenda huko. Vyumba hivi nimeviingia katika miji yote miwili, kwa sababu ndimo walimo wanafunzi wangu wa madarasa ya juu Jumamosi mchana, na mwalimu anayetaka kuwajua wanafunzi wake hawezi kuishia darasani. Maoni yangu, baada ya kutazama kwa muda mrefu, ni haya: mara nyingi tatizo si mtandao, na kijana si mzito. Inayochelewa ni mashine yenyewe, na kuchelewa huko kunaweza kupunguzwa sana bila kununua chochote.

Najua wapo watakaouliza: katika nchi yenye shida za maji, umeme na mafuta, mwalimu mzima anaandika gazetini habari za michezo ya kufyatuliana risasi? Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Lakini kwanza, ndugu msomaji, tuelewane juu ya jambo lenyewe.

Chukua mfano wa basi la kutoka Gitega kwenda Muyinga. Abiria anaweza kuchelewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni barabara: ni ndefu, ina kona, mvua imenyesha. Ya pili ni stendi: gari limekaa saa nzima likisubiri kujaa, utingo amekwenda kutafuta chenji, dereva anakunywa chai. Abiria akifika Muyinga usiku, atailaumu barabara, kumbe nusu ya muda wake uliliwa stendi kabla gurudumu halijazunguka.

Michezo ya kompyuta iko hivyo hivyo. Barabara ni mtandao, yaani safari ya habari kutoka kompyuta yako hadi kompyuta kubwa inayoendesha mchezo, na kurudi. Stendi ni ndani ya kompyuta yako, yaani ule muda unaopita tangu kidole kibonyeze mausi hadi jicho lione matokeo kwenye kioo. Vijana huita yote mawili "lagi" na kuyatupa katika kapu moja. Hapa ndipo penye tatizo, kwa maana ugonjwa usiotambuliwa hauna dawa.

Kuyatenganisha ni rahisi. Chomoa waya wa intaneti, kisha cheza dhidi ya wachezaji wa bandia ambao mchezo wenyewe unao. Kama mkono bado unahisi uzito, kama mausi inakwenda na kioo kinafuata nyuma yake kama mkia, basi mtandao hauna hatia. Nimewaomba vijana wengi wafanye jaribio hili mbele yangu, na nimewaona wengi wakinyamaza.

Sasa tuingie stendi tuone nani anachelewesha gari. Muda tutauhesabu kwa milisekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Asije mtu akadhani hizi ni hesabu za mzaha. Mtu wa kawaida, akiona kitu ghafla machoni, hutumia kama milisekunde 200 hadi 250 kukiitikia kwa kidole. Kati ya kijana hodari na mwenzake wa wastani tofauti inaweza kuwa milisekunde 20 au 30 tu. Kwa hiyo mashine inayokula milisekunde 60 zaidi ya mashine jirani imekwisha kuamua mshindi kabla mchezo haujaanza.

Wa kwanza ni mausi. Mausi ya kawaida ya USB hutoa taarifa kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo hutoa taarifa mara 1,000, yaani kila milisekunde 1. Huo ni mchango mdogo na si wa kukimbilia kutoa faranga. Ila mausi isiyo na waya ya bei nafuu, ambayo betri yake inakata roho, inaweza kuongeza mengi kuliko hayo. Wenye vyumba wangebaki na mausi za waya, wazichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta.

Wa pili ni kompyuta yenyewe inapochora picha. Mchezo ni picha nyingi zinazofuatana. Kompyuta inayochora picha 30 kwa sekunde hutumia milisekunde 33 kwa kila moja. Ikichora 60 hutumia kama 17, na ikichora 144 hutumia kama 7. Sasa kijana anayeketi mbele ya kompyuta ya mtumba, iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya kabla ya kufika kwetu, jambo la kwanza analofanya ni kuweka mapambo yote ya mchezo juu kabisa: vivuli, moshi, maji yanayong'aa. Anataka picha nzuri kama ya kwenye tangazo. Mashine inahema, inashuka hadi picha 30, na yeye anapata mandhari ya kupendeza ya mahali anapouawa.

Tena kuna baya zaidi. Kadi ya picha inapofanya kazi hadi mwisho wa nguvu zake, ubongo wa kompyuta hutangulia mbele na kuzipanga picha foleni zisubiri kuchorwa. Kila picha iliyo kwenye foleni ni habari ya zamani. Unachokiona hakikuambii adui yuko wapi sasa, kinakuambia alikuwa wapi picha mbili au tatu zilizopita. Dawa ni kushusha mapambo na ukubwa wa picha, kisha kuuwekea mchezo kikomo cha picha kwa sekunde kilicho chini kidogo ya kile ambacho kadi inaweza. Kadi ikibaki na pumzi, foleni haijengeki. Kampuni zinazotengeneza kadi zimelitambua tatizo hilo: AMD ilileta Anti-Lag mwaka 2019, na Nvidia ikaleta Reflex mwaka 2020. Zote kazi yake kubwa ni kufupisha foleni hiyo. Ni za bure, ziko kwenye menyu, na katika vyumba nilivyotembelea hakuna aliyekuwa ameziwasha.

Wa tatu ni kitu kiitwacho V-Sync, ambacho kwenye menyu za Kifaransa huandikwa synchronisation verticale. Kazi yake ni kuilazimisha kompyuta isubiri kioo kiwe tayari ndipo itoe picha, ili picha isionekane imekatika katikati. Ni ustaarabu mzuri kwa anayecheza peke yake jioni. Kwa mshindani ni utingo anayesema "bado mmoja, bado mmoja" huku gari limejaa. Kwenye kioo cha kawaida kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inayosubirishwa ni milisekunde 17 zilizopotea. Izimwe. Picha itakatika kidogo, na jicho litazoea.

Wa nne ni kioo. Wenye vyumba wengi hutumia televisheni kwa sababu ni kubwa na inavutia wateja kutoka barabarani. Lakini televisheni imetengenezwa kwa ajili ya sinema na mpira. Kabla ya kuonyesha picha huipitisha kwanza katika shughuli ya kuipamba: rangi, ulaini, mwendo. Kwa mtazama sinema hakuna hasara, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa pamoja na picha. Kwa mchezaji, upambaji huo unaweza kula makumi ya milisekunde, na kwa baadhi ya televisheni hata kupita 100. Karibu kila televisheni ya kisasa ina kitufe cha hali ya michezo, kinachoizuia kupamba. Kibonyezwe. Na aliyenunua monita ya gharama ya mara 144 kwa sekunde aingie kwenye mipangilio ya Windows aangalie, maana si mara moja nimekuta monita kama hiyo imeachwa kwenye 60, na mwenyewe anajisifu kwa kitu asichokitumia.

Wa tano ni mambo yetu ya nyumbani. Vumbi la impeshi linajaa ndani ya boksi, feni inashindwa kupumua, kompyuta inapata joto na kujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Brashi ya rangi na nusu saa ya kazi, umeme ukiwa umezimwa, vinatosha. Kompyuta ya mapajani inayotumia betri baada ya umeme kukatika nayo hujipunguzia nguvu, kwa hiyo mashindano yasifanywe kwa betri. Kompyuta yenye kijiti kimoja cha kumbukumbu, hasa isiyo na kadi ya picha ya peke yake, huchora taratibu kuliko ile yenye ukubwa huo huo uliogawanywa katika vijiti viwili. Na programu zinazojisasisha kimyakimya nyuma ya mchezo zisimamishwe.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi tulio katika nchi za Kifaransa. Michezo mingi imepangwa mtu atembee kwa herufi W, A, S na D. Kwenye kibodi za Kifaransa, ambazo ndizo tulizo nazo, mahali hapo pana Z, Q, S na D. Kijana asiyejua kubadilisha mpangilio huo anatumia mkono uliopinda wiki nzima, kisha anaambiwa ni mzito. Dakika moja kwenye menyu inamaliza kazi.

Jumlisha sasa. Kwa hesabu ya mfano tu: mausi 8, picha 33, foleni ya picha mbili 66, televisheni 60. Hizo ni milisekunde 167 kabla hatujataja intaneti hata kidogo. Punguza mapambo hadi picha zifike 60, futa foleni, zima V-Sync, washa hali ya michezo kwenye televisheni, na kompyuta hiyo hiyo, kwa umeme huo huo, inaweza kubaki na chini ya nusu ya kuchelewa huko. Hakuna aliyetoa faranga.

Asiyeniamini apime. Simu nyingi siku hizi hurekodi video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, maana yake kila picha ni kama milisekunde 4.2. Weka simu ili ione kidole kwenye mausi na kioo kwa pamoja. Bonyeza. Kisha hesabu picha kuanzia kidole kilipogusa hadi moto wa bunduki ulipoonekana kwenye kioo. Picha 24 ni milisekunde 100, picha 12 ni 50. Rudia mara 10, tafuta wastani. Hilo ni somo zima la fizikia: kipimo, makosa ya kipimo, wastani. Nimelifundisha kwa simu ya mwanafunzi mmoja, na sijawahi kuona darasa likigombania kukokotoa wastani kama siku hiyo.

Tugeukie barabara. Hapa ni lazima tuwe wakweli. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya ukanda wetu ilipanda setilaiti iliyo juu ya dunia kwa karibu kilomita 36,000, na safari ya kwenda na kurudi peke yake ilikula karibu nusu sekunde. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 2010 ikafuata EASSy, na nchi zisizo na bahari kama yetu zikaunganishwa nazo kwa kupitia kwa majirani. Ni maendeleo makubwa. Lakini mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde na hauwezi kuhimizwa. Kutoka Gitega hadi Johannesburg ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na hadi Frankfurt ni zaidi ya 6,000. Hata kama waya ungenyooshwa kama rula, kwenda na kurudi Frankfurt kusingepungua milisekunde 60. Nao waya haukunyooshwa, kwani unashuka kwanza hadi bahari ya Hindi ndipo uanze kupanda.

Maana yake ni kwamba kijana wa Muyinga anayeshindana na kijana wa Frankfurt kwenye kompyuta iliyoko Frankfurt anaanza mbio akiwa nyuma, na hakuna kitufe cha kuondoa hilo. Ndiyo sababu nasema asijiongezee mwenyewe mzigo wa pili. Kuchelewa kwa stendi na kuchelewa kwa barabara hujumlishwa. La pili liko nje ya uwezo wake, la kwanza liko mikononi mwake.

Tena ipo njia ya kuikwepa barabara yote, nayo ni kucheza wenyewe kwa wenyewe, chumba kimoja, kompyuta zimeunganishwa kwa waya. Humo safari ya habari haifiki hata milisekunde chache. Si kila mchezo unakubali: Valorant, iliyotoka mwaka 2020, haichezeki bila intaneti. Lakini Counter-Strike 1.6 ya mwaka 2003 inakubali, na inakwenda hata kwenye kompyuta ambayo ofisi ya Ulaya iliitupa.

Kuna atakayesema kuchezea chumbani ni kucheza makinda. Nimkumbushe habari ya Arslan Siddique wa Lahore, Pakistani, anayejulikana kama Arslan Ash. Mchezo wake si wa bunduki, ni wa ngumi, Tekken 7, lakini humo pia kila picha ina thamani. Nchi yake haikuwa na njia nzuri ya kushindana na mabingwa wa Japani na Korea kwa mtandao. Yeye na wenzake walinolewa kwa kukaa bega kwa bega katika vyumba vya michezo vya mjini kwao. Mwaka 2019 alishinda Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas, akiwaangusha watu ambao dunia ilidhani hawaguswi. Na hata mashindano makubwa ya Counter-Strike, tangu yale ya kwanza ya Major yaliyofanyika Jönköping, Sweden, mwaka 2013, huamuliwa ukumbini, wachezaji wakiwa pamoja. Waandaaji huweka kompyuta na monita za aina moja kwa wote, mchezaji huja na mausi na kibodi yake.

Hapo ndipo hoja yangu inapofika kwenye uchungu wake. Katika vyumba vyetu mashine hazilingani. Kiti cha karibu na kaunta kina monita nzuri na bei yake ni ya juu. Kiti cha mwisho kina televisheni iliyochoka. Mwenye hela anakaa mbele, asiye na hela anakaa nyuma, wanashindana, halafu chumba kizima kinatangaza nani hodari na nani mzito. Nimemwona mwanafunzi wangu, kijana mwenye akili ya haraka kwelikweli ubaoni, akiacha kwenda huko kwa sababu alikwisha kuaminishwa kwamba mikono yake ina kasoro. Hajawahi kukalia kiti cha mbele hata siku moja.

Sisi tuliosomea ugenini jambo hili tunalijua kwa jina jingine. Nilizaliwa na kusomeshwa Mishamo, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Shule ilikuwa ya Kiswahili, baadaye Kiingereza. Tuliporejea mwaka 2009, watoto wengi tuliorudi nao waliingizwa katika madarasa yanayofundishwa kwa Kifaransa, lugha ambayo hawakuwahi kuisikia. Mtoto aliulizwa swali la hesabu analolijua, akakaa kimya akilitafsiri kichwani, na alipofika kwenye jibu mwalimu amekwisha kumgeukia mwingine. Wakarudishwa nyuma darasa moja, mawili, matatu. Wakaitwa wazito. Akili haikuwa na tatizo lolote. Kuchelewa kulikuwa katika njia ya kutoka swali hadi jibu, na hakuna aliyejisumbua kuipima njia hiyo. Baadhi yao waliacha shule. Ndiyo maana ninaposikia neno "mzito" linatamkwa ovyo, hata katika chumba cha michezo, sikubali lipite kabla ya kuuliza: mmepima nini?

Sasa lile swali niliahidi kulijibu. Mzee mmoja wa Muyinga, mtu ninayemheshimu, aliniambia: "Mwalimu, sisi bunduki tulizikimbia. Leo ninyi mnawafundisha watoto kuzikimbilia?" Nilimwambia, "Mzee wangu, neno lako ni zito na silipuuzi." Nchi hii ilizika watu wengi mno tangu mwaka 1993, na mimi mwenyewe nilizaliwa ugenini kwa sababu ya mauaji ya 1972. Sitaki mtoto wa miaka 10 aketi mbele ya michezo hii, na hata huko Ulaya wakaguzi huiwekea umri, mara nyingi miaka 16 au 18. Wenye vyumba wanaoingiza watoto wa shule ya msingi wanakosea na wazazi wana haki ya kuwafuata. Atakaye mchezo wa haraka usio na bunduki, upo wa mpira, upo wa magari, na yote niliyoeleza hapo juu yanafanya kazi humo vilevile.

Lakini kwa vijana wakubwa, ukweli ni kwamba wanacheza tayari. Hawakutungoja sisi tutoe ruhusa. Kilichobaki ni kuamua kama watacheza gizani, wakilaumu mtandao na kudharauliana, au watajifunza humo kitu cha kuwafaa. Kijana aliyejua kwa nini kompyuta yake inachelewa amejua kadi ya picha ni nini, kumbukumbu ni nini, joto linafanya nini, jinsi ya kupima na kulinganisha. Huyo ni fundi anayechipuka. Maofisi ya Gitega, ambayo yameongezeka tangu mji huu ulipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, yana kompyuta nyingi zinazosubiri mtu wa namna hiyo, na karani anayengoja faili lifunguke naye yuko stendi akisubiri gari.

Wengine watasema ni mambo ya matajiri. Nimeshaonyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa ni ya bure. Tajiri ananunua kompyuta mpya kila akichoka na ile ya zamani. Maskini ndiye mwenye haja ya kujua jinsi ya kuitoa jasho aliyonayo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wenye vyumba vya michezo, zisawazisheni mashine zenu. Kama hamwezi kununua monita zinazofanana, angalau zimeni V-Sync kwenye zote, wekeni kikomo kimoja cha picha, washeni hali ya michezo kwenye televisheni zote, safisheni vumbi, na pimeni kila kiti kwa simu. Bandikeni namba ya milisekunde juu ya kila kiti ili mteja ajue analipia nini. Itakuwa biashara nzuri kuliko bango lolote.

Vijana, kabla ya kusema mtandao, chomoeni waya mpime. Kabla ya kumwita mwenzenu mzito, badilishaneni viti.

Walimu wenzangu wa fizikia, simu zinazonyang'anywa darasani zina kamera ya picha 240 kwa sekunde. Siku moja zirudisheni mezani kwa kazi.

Na kwa miji yetu miwili, nashauri jambo dogo linalowezekana: vijana wa Gitega na vijana wa Muyinga wakutane ana kwa ana, mara moja kwa mwaka kwa kuanzia, watu wenye umri unaoruhusiwa, wavulana kwa wasichana, chumba kimoja, kompyuta zilizopimwa mbele ya wote, na timu zibadilishane viti nusu ya mashindano ikifika, kama timu za mpira zinavyobadilishana magoli. Kubadilishana magoli hakukuwekwa kwa ajili ya urembo. Kuliwekwa kwa sababu watu waliona upande mmoja una jua la machoni na mwingine hauna, wakakubaliana kwamba jua lisihesabiwe kuwa uhodari.

Atakayeshinda hapo ashangiliwe, na atakayeshindwa ajue ameshindwa na mtu. Hilo la pili ni heshima ambayo vijana wetu wengi hawajawahi kupewa.

Naomba kutoa hoja.